Paka Aliyeitwa Basi

Alhamisi, tarehe 11 Agosti. Mawingu mazito ya rangi ya majivu yalitanda tangu asubuhi, na upepo wa baridi ukawa unapenya chini ya milango. Mvua haikunyesha, lakini jua nalo halikuonekana kutwa nzima, watu wakafanya kazi na taa zinawaka mchana.

Mama Pacha aliwasha yake mapema akaketi kwenye cherehani. Alikuwa amechukua tenda ya sare za shule, na sketi za bluu zilirundikana mpaka zikaziba nusu ya dirisha. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini, na watoto wake pacha walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo ndani mlikuwa na yeye na mlio wa mashine. Na sauti ya kaka yake. Chumba chake na cha kaka yake vilikuwa zamani chumba kimoja kirefu walichoachiwa na baba yao. Walikigawa katikati kwa ukuta wa mbao nyembamba, kila mtu na mlango wake wa barabarani. Mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule humwitikia.

Kaka yake alikuwa fundi wa makochi. Mtaa mzima ulimwita Misumari, kwa sababu alipokuwa akiwamba kochi alijaza misumari midogo mdomoni, akaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, akaudaka kwa nyundo yake yenye sumaku na kuugongomea palepale. Ukimuuliza jambo wakati huo atakujibu kwa nyusi. Na kuna siku, asipotaka kuzungumza na mtu, aliitia mdomoni hiyo misumari hata kama hapakuwa na kochi la kuwamba. Waliomjua vizuri walikuwa wakienda zao.

Yeye alitengeneza mwili wa kochi, dada yake akashona vazi lake. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote, na ndivyo walivyogombana pia. Misumari alikuwa akiuinua mshono kwenye mwanga, anafumba jicho moja, kisha anasema, "Huu umelewa, mdogo wangu. Utoe." Naye Mama Pacha hujibu kwamba aliyelewa ni macho yake. Mwishowe huutoa.

Mkewe Misumari alipofariki, kazi ilisimama. Alilala ameelekea ukutani, sahani zikirudi kama zilivyokwenda. Ndugu walijaribu dawa, wakajaribu maombi, wakampeleka kwa shangazi yao abadilishe hewa. Akarudi vilevile, isipokuwa alikuwa amekonda zaidi. Mama Pacha ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka mle chumbani, anamwamsha, anamfulia, anakaa naye akishona kwa mkono ili tu asimwache na ukuta.

Kisha kukaletwa kochi kuukuu lililokuwa limekaa stoo ya ofisi fulani kwa muda mrefu. Misumari alilipokea kwa uvivu, kwa kuwa mwenye kochi alikuwa amesimama mlangoni. Walipolipindua na kuchana kitambaa cha chini, ndani ya tumbo lake, katikati ya springi, wakakuta vitoto vya paka. Akawa anavitoa na kumpokeza dada yake. "Shika huyu. Na huyu. Na huyu. Na huyu, basi." Yule wa mwisho aliposikia neno hilo akainua kichwa, akalia kwa sauti isiyolingana kabisa na mwili wake. Wenzake walichukuliwa na wateja. Yeye alibaki, na jina likabaki naye.

"Huwezi kumwita paka Basi," Mama Pacha alisema. "Ukimwambia basi chakula, aje au aondoke?"

"Atachagua mwenyewe," kaka akajibu. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya mzaha tangu msiba.

Paka hana simile. Hajui kwamba mtu ana huzuni. Anajua kwamba kumekucha na sahani ni tupu. Misumari aliamka ili amlishe, na kwa kuwa ameshaamka akachemsha chai, na kwa kuwa ana chai mkononi akatafuta pa kukaa, na pa kukaa palikuwa karibu na benchi la kazi. Hivyo ndivyo alivyorudi duniani. Jioni, kazi zikiisha, Mama Pacha alimsikia kupitia mbao akizungumza na mnyama wake kama mtu na mwenzake. "Basi, shuka juu ya hicho kitambaa. Basi, njoo huku. Basi, wewe utanitia wazimu." Mama Pacha alicheka peke yake, akajisemea kwamba mambo yametulia.

Kazi nazo zikaongezeka. Aliacha kuingia upande wa pili kila jioni, kisha akaacha kuingia ila kwa sababu. Kipimo chake kikawa ni ile sauti: maadamu kaka anamwita paka, kaka mzima. Bila kupanga, alimwachia paka kazi iliyokuwa yake.

Siku za karibuni aliona mambo kadhaa na yote aliyafurahia. Vitambaa vilivyotoka kwa kaka yake havikuwa tena na manyoya. Zamani alitumia muda mrefu kuyaokota kabla ya kushona. Akadhani hatimaye kaka amemfundisha paka adabu. Mishono yake nayo ilikubaliwa yote. Kaka hakuiinua tena kwenye mwanga, aliipokea tu na kusema, "Vizuri. Asante." Akadhani amekuwa fundi mzuri zaidi. Na sauti ilikuwepo, tena ilianza mapema kuliko zamani, kwa upole, mara nyingine neno lenyewe tu. Basi. Kimya. Basi.

Jana yake jioni, wakati akifunika mashine, alimsikia akisema taratibu, "Basi, kesho." Akadhani paka anaahidiwa samaki.

Mchana huo wa Alhamisi uzi wa bluu ulimwishia. Akajifunga mtandio, akatoka. Njia ya dukani ilipita mbele ya karakana ya seremala, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa akimuundia Misumari fremu za makochi. Alikuwa mlangoni, amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Mama Pacha! Njoo kwanza. Kaka yako anahama?"

"Ahamie wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje? Nyie ndio ndugu." Akaingia ndani, akatoka na nyundo mkononi. Ilikuwa ile ya sumaku, mpini wake umelika mahali pa kidole gumba. "Kaniletea hii juzi. Na zile sindano zake zilizopinda, zote. Kasema nitumie tu. Nikamwambia, wewe, mimi naunda meza, sindano ya nini? Akaniambia weka, utampa atakayekuja kujifunza."

"Na wewe ukachukua?"

"Nikatae vya bure, nina wazimu?" Akacheka. Mama Pacha hakucheka, naye akapunguza. "Labda kapata mashine mpya. Misumari naye ana siri kama jini. Ila poleni na yule paka."

"Pole ya nini?"

"Si kafa."

"Nani kafa?"

"Basi."

"Basi nini? Sema!"

"Basi, paka! Paka anayeitwa Basi kafa. Mnampa mnyama jina kama hilo halafu mnataka watu waongee vizuri." Seremala alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya karakana. "Tumemzika pale, kwenye zile mbao chakavu. Aligongwa na pikipiki. Siku nyingi sasa, kabla hujaanza hizo sare zako. Mtu mzima alinijia hapa amemfunga kwenye kitambaa cha kochi, cha mahameli, kile cha bei, analia kamasi zinamtoka. Nikamwambia, Misumari, unamlilia paka? Nikuletee mwingine? Mbona wamejaa jalalani, hata uzazi wa mpango hawaujui?"

"Akasemaje?"

"Alichimba shimo, akaenda zake."

Mama Pacha alisimama huku ameshika nguzo ya mlango. Alitaka kumwambia seremala kwamba anakosea, kwamba yeye humsikia kaka akimwita paka wake kila jioni. Aliyoyasikia kupitia mbao yakaanza kumrudia, moja baada ya jingine, na kila lililorudi lilikuja na sura nyingine. Basi, imetosha. Basi, jamani. Basi, siwezi. Hakuna aliyekuwa akiitwa. Katika chumba kile hapakuwa na wa kuitwa. Kaka yake alikuwa akisema neno lile kama watu wote wanavyolisema.

Basi, kesho.

Na kesho hiyo ilikuwa leo.

Aliacha mtandio uanguke. Seremala aliita nyuma yake, "Mama Pacha! Vipi? Nimesema nini?" lakini yeye alikuwa ameshafika barabarani, anakwenda mbio za mtu ambaye hajakimbia kwa miaka mingi, viatu vikimponyoka. Upepo ulimpiga usoni. Madukani watu walimtazama kwenye mwanga wa taa zao za mchana, hakuna aliyemsimamisha.

Mlango wa Misumari ulikuwa umefungwa. Mchana, siku ya kazi, umefungwa kwa ndani. Aligonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Akaingia upande wake, akarusha sketi chini, akaweka sikio kwenye mbao alizokuwa amezipa mgongo muda wote huo.

Alisikia mfagio. Ulikwenda taratibu, kutoka kona moja hadi nyingine, na haukuwa na haraka yoyote. Chumba cha fundi wa makochi hakifagiliwi. Vipande vya sponji hukanyagwa mpaka viwe zulia, na kaka yake alikuwa akisema atafagia siku atakayofunga kazi.

"Kaka!"

Mfagio ukasimama.

"Kaka, fungua."

"Nina kazi, mdogo wangu. Jioni."

"Fungua sasa hivi, la sivyo navunja mbao."

Alikuwa ameshashika kiti cha cherehani kwa mikono miwili wakati sauti iliposema, kwa uchovu, "Usivunje. Nafungua."

Alizunguka, akaingia. Sakafu ilikuwa nyeupe. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: hakuwa ameiona saruji ya chumba kile tangu baba yao alipokuwa hai. Katikati kulikuwa na kochi moja, limewambwa vizuri, kila pindo limekaa mahali pake. Benchi lilikuwa tupu. Kaka alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati safi lililopigwa pasi, na uso wake ulikuwa mtulivu sana. Kwenye kona ya benchi kulikuwa na kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa, ambacho kaka hakukitazama hata mara moja, na kwa kutokitazama huko Mama Pacha akajua kilikuwa cha nini.

"Mwenyewe anakuja kulichukua saa kumi," kaka alisema akionyesha kochi. "Nilitaka alikute tayari."

"Na baada ya saa kumi?"

Misumari alitia mkono mfukoni, akatoa misumari midogo, akaitia mdomoni. Hakuwa na nyundo. Alisimama hivyo, midomo imefumbwa, anamtazama dada yake.

Mama Pacha akakinga kiganja chini ya kidevu chake, kama alivyokuwa akiwafanyia pacha walipokuwa wadogo na wameokota kitu chini. "Tema."

Akatikisa kichwa.

"Tema, kaka. Sitoki hapa."

Aliitema mmoja mmoja. Ilikuwa na joto la mdomo. Ilipokwisha alibaki mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesahau unavyofungwa.

"Basi amekufa," dada akasema.

"Amekufa."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini?" Sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikuwa na lawama, na hilo lilimuumiza dada yake zaidi. "Mtu akifiwa na mke, watu wanakuja, wanakaa, wanapika. Akifiwa na paka wanamuuliza kama anataka mwingine. Nikaona nikija kwako na hizo sare zako zote, niseme nimeshindwa kula kwa ajili ya paka... Mwanaume wa umri wangu."

"Ungesema hivyohivyo."

"Si paka tu, mdogo wangu. Nikiamka hakuna anayejua kama nimeamka. Nikilala hivyohivyo. Nilidhani yale ya mwaka ule yameondoka. Hayakuondoka. Paka alikuwa ameyalalia."

Kulikuwa na njia nyingi za kulizunguka lile neno, na watu wote wa ukoo wao walikuwa hodari wa kuzunguka. Akaona akilizunguka naye, saa kumi itafika.

"Kaka, ulitaka kujiua leo?"

Nje pikipiki ilipita. Misumari aliiangalia sakafu aliyoifagia.

"Ndiyo," akasema. Kisha akakaa kwenye kochi la watu na shati lake safi, akalia kwa sauti ambayo dada yake hakuwa ameisikia, hata kwenye msiba. Mama Pacha akakaa pembeni yake, akamkumbatia shingoni. Hakumwambia anyamaze.

Walikuwa hivyo seremala alipofika, anahema, mtandio wa Mama Pacha mkononi. Alitazama sakafu, benchi, yule mtu anayelia. Hakuwa mjinga. Vumbi la kwenye kope lilimfanya aonekane mzee ghafla.

"Misumari," alisema, "mimi nilicheka."

"Ulicheka."

"Nilidhani ndivyo unavyomchangamsha mwanaume."

Mama Pacha aliinuka, akachukua kile kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa, akamkabidhi bila kukifungua. "Kipeleke mbali. Usirudi nacho, wala usimwambie mtu. Halafu urudi wewe."

Seremala alikwenda na akarudi. Mwenye kochi naye alikuja saa kumi, akalipapasa, akalisifu sana, akalipakia kwenye gari na kuondoka, akiwa hajui aliyelikalia akilia. Baada yake chumba kilibaki kitupu kabisa. Mama Pacha na seremala wakaibeba cherehani kuizungusha kwa mlango wa nje, wakaiweka pale kochi lilipokuwa. Mama Pacha akamtuma seremala uzi wa bluu dukani, kisha akashona upande ule mpaka giza lilipoingia, sketi moja baada ya nyingine, mbovu mbovu, mishono imelewa kweli. Seremala alikaa mlangoni akikatakata kijiti kwa kisu cha kazi, mpaka Mama Pacha alipokiona kisu na kumwambia kwa macho akiweke mbali. Alishtuka, akakitumbukiza mfukoni, akaenda kukiacha kwake.

Kaka alikunywa uji nusu kikombe. Alikuwa mpole, anaitikia kila analoambiwa, na upole huo haukumpa dada yake amani. Alishaudhania kuwa uzima mara moja. Kila alipogeuka kutafuta mkasi, alihakikisha bado amekaa alipokuwa. Upepo ulisukuma mlango na kuuachia. Baadaye, alipotandika godoro lake chini kando ya kitanda, kaka alisema kutoka gizani, "Utanilinda mpaka lini?"

"Leo nakulinda leo."

"Na kesho?"

"Kesho tunakwenda hospitali."

Pumzi za kaka zilikuwa za mtu aliye macho, na Mama Pacha alizisikiliza, akiogopa kusinzia.

Asubuhi mawingu yalikuwa palepale. Misumari aliamka bila kuamshwa, akanawa, akavaa shati lilelile la jana ambalo sasa lilikuwa limekunjamana. Mlangoni alisimama muda, mkono kwenye fremu, na dada yake akadhani atarudi ndani. Akatoka. Walitembea, yeye upande wa ukuta, dada upande wa barabara, kwa sababu Mama Pacha alitaka awe yeye upande wa magari.

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu lililojaa akina mama na watoto wenye homa. Kila mlango ulipofunguliwa kaka aliutazama mlango wa kutokea. Walipoitwa, muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alivuta karatasi bila kuinua kichwa.

"Mgonjwa ni nani?"

Mama Pacha alikwisha kufungua mdomo.

"Mimi," kaka akasema.

"Unasumbuliwa na nini?"

"Nimefiwa na paka."

Mtu mmoja nyuma yao, mlangoni, alicheka kile kicheko kinachopitia puani. Mama Pacha aliona masikio ya kaka yake yakibadilika rangi, akaona mkono wake ukienda mfukoni, ambamo hapakuwa na msumari hata mmoja. Muuguzi aliinua kichwa. Alimtazama yule mtu wa nyuma mpaka akaangalia chini, kisha akainuka, akafunga mlango wa chumba, akarudi kukaa.

"Usingizi unapata?"

"Sipati."

"Chakula?"

"Kidogo."

"Na mawazo ya kutaka kujidhuru, unayo?"

Misumari alimgeukia dada yake. Mama Pacha aliangalia ukutani, kwenye picha ya mtoto anayenawa mikono, akajilazimisha asimjibie.

"Ninayo," Misumari akasema. "Hata sasa hivi ninayo." Akavuta kiti mbele, karibu na meza, akaanza kueleza.